Meli ya kitalii ikifutwa, nini kinarudi Kampala?

Barua pepe ya kufuta safari ya meli ya kitalii huwa na adabu sana. Inashukuru, inaomba radhi, kisha inakupa machaguo matatu: uhamie safari nyingine, uchukue vocha ya safari ijayo yenye nyongeza, au urudishiwe pesa zako. Chaguo la pesa hukaa mwisho, kwa herufi zisizovutia macho. Kama unaishi Uganda na unasafiri kwa pasipoti ya Uganda, isome barua hiyo kuanzia chini.

Familia yetu ilifutiwa safari ya Mediterania, ya kupandia meli Civitavecchia, bandari ya Roma. Tulikuwa tumebuku kwa njia mbili. Dada yangu, muuguzi huko Uingereza, alijibukia hukohuko. Mimi na Mama tulibukiwa na wakala hapa Kampala. Meli ni ileile, tarehe ni ileile, hata ghorofa ni ileile. Wala haikufutwa kwa sababu ya dhoruba au vita: kuna kampuni iliyokuwa imeikodi meli nzima kwa wiki hiyo, jambo ambalo hutokea katika biashara hii kuliko watu wanavyodhani. Dada alipata pesa zake zote huku sisi tukiwa bado tunasubiri jibu la barua pepe ya kwanza. Hapo ndipo nilipokaa chini nikaanza kusoma mikataba.

Mtu aliyezoea kwenda Kalangala, visiwani Ziwa Victoria, anajua la kufanya meli ya Nakiwogo inapokuwa matengenezoni. Anazungukia Masaka, anavuka kwa kivuko cha Bukakata, na jioni yuko kisiwani Bugala. Hasara yake ni nauli ya teksi na uchovu. Meli ya kitalii haina Bukakata. Ikifutwa, tiketi ya ndege, hoteli ya usiku wa kwanza, viza na bima vyote vinabaki vikining'inia, na kampuni ya meli haihesabu hata kimoja kuwa mzigo wake.

Mkataba wenyewe, ule tunaoukubali kwa kubofya bila kuusoma, kwa kawaida huipa kampuni haki ya kufuta safari, na wajibu wake mkuu unakuwa kurudisha kile ulichoilipa yenyewe. Asilimia zinazoongezwa juu ya vocha, pesa za kutumia ndani ya meli, au mchango wa kubadilisha tiketi ya ndege ni uamuzi wa kibiashara. Ukubwa wake hufuata ukubwa wa aibu. Februari 2013 moto ulizima mitambo ya meli ya Carnival Triumph kwenye Ghuba ya Meksiko. Abiria zaidi ya 3,000 walikaa siku kadhaa na vyoo vilivyofurika, huku meli ikikokotwa hadi Mobile, Alabama. Carnival iliwarudishia nauli, ikawalipia usafiri wa kufika nyumbani, ikawapa vocha, na juu yake dola 500 kila mmoja. Kamera za televisheni zilikuwa zikiwasubiri bandarini. Safari yetu haikuwa na kamera.

Mwaka huohuo chama cha kampuni za meli za kitalii, CLIA, kilitangaza orodha ya haki za abiria. Inasema safari ikifutwa kwa hitilafu ya mitambo unarudishiwa nauli yote, na ikikatishwa njiani kwa hitilafu hiyo unarudishiwa sehemu. Yasome vizuri hayo maneno "hitilafu ya mitambo". Meli kukodiwa na mtu mwingine si hitilafu. Dhoruba nayo si hitilafu.

Sasa tuje kwenye vocha, maana hapa ndipo watu wetu wanapopotea. Machi 2020, meli zilipotia nanga duniani kote kwa sababu ya korona, kampuni za Royal Caribbean na Norwegian ziliwapa waliofutiwa safari vocha ya asilimia 125 ya walicholipa, au pesa zao asilimia 100. Tangu wakati huo ile 25 ya juu imekaa vichwani mwa watu kama zawadi ambayo mpumbavu tu ndiye anayeikataa. Kwa mtu anayeishi Florida, anayeweza kuendesha gari hadi bandari ya Miami wikendi yoyote, hesabu hiyo huenda ikamlipa. Kwa mtu wa Ntinda, hapa Kampala, vocha ni ahadi kwamba utapata nafasi ndani ya meli, na hakuna anayekuahidi kwamba utafika kwenye meli hiyo. Kati yako na Civitavecchia kuna ubalozi.

Viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hutolewa kwa tarehe za safari uliyoonyesha. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudi, upewe viza au unyimwe. Safari ikisogezwa hadi msimu mwingine, unaanza upya: fomu, alama za vidole, taarifa za benki za miezi iliyopita, barua ya mwajiri, na kusubiri. Meli ikitoka nje ya eneo la Schengen katikati ya safari, kwa mfano kwenda Uturuki au Tunisia, unahitaji pia viza inayokuruhusu kuingia Schengen zaidi ya mara moja, na nchi hizo nazo zina masharti yao. Kwa hiyo mtu akikwambia "chukua vocha, una asilimia 25 bure", mwulize ni nani atakayekudhaminia viza ya pili. Mama alipoelezwa alinijibu: "Mwanangu, hizo ishirini na tano nitazilia wapi?"

Zipo kasoro nyingine za vocha ambazo haziandikwi kwa herufi kubwa. Huwa na tarehe ya mwisho. Hubaki kwa jina lako, hivyo huwezi kumwachia binamu. Mara nyingi hulipia nauli ya meli lakini si kodi na ada za bandari, ambazo utazitoa mfukoni tena. Na ile nyongeza kwa kawaida haigeuki kuwa pesa. Zaidi ya yote, vocha ina thamani mradi kampuni iko hai. Cruise & Maritime Voyages ya Uingereza ilianguka Julai 2020, kipindi ambacho kampuni nyingi zilikuwa bado zinawashawishi wateja wavumilie. Waingereza waliokuwa chini ya ulinzi wa ABTA, chama cha wauzaji wa safari cha huko, au waliolipa kwa kadi ya mkopo, walikuwa na mlango wa kugonga. Sisi wengi tunalipa kwa akiba ya Sacco. Ukiacha pesa za Sacco zilale mwaka mzima kwenye vocha huku riba ya mkopo inatembea, hiyo 25 umeshailipa wewe mwenyewe.

Basi kwa nini dada alipata haraka? Kwa sababu safari yake iliuzwa Uingereza. Kanuni za huko za mwaka 2018 kuhusu safari za vifurushi, yaani usafiri na malazi vikiuzwa pamoja, zinaihesabu safari ya meli ya kitalii kuwa kifurushi, na zinamtaka muuzaji arudishe pesa ndani ya siku 14 tangu kuvunjika kwa mkataba. Nchi za Umoja wa Ulaya zina sheria inayofanana. Kuna jambo lingine ndani ya sheria hizo ambalo wengi hawaliulizii: muuzaji husamehewa fidia ya ziada ikiwa kilichomzuia ni jambo lisilo la kawaida na lisiloepukika. Mapema 2024, mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipozifanya kampuni kadhaa, MSC ikiwemo, zifute safari za kupitia huko, udhuru ulikuwa wazi. Kukodisha meli kwa anayelipa vizuri zaidi ni biashara, si dharura. Dada aliandika hivyohivyo kwenye dai lake, akaambatanisha risiti ya hoteli, na wakamlipa sehemu ya gharama.

Marekani wana utaratibu wao. Tume ya Shirikisho ya Usafiri wa Baharini, FMC, ilitunga kanuni mwaka 2022: kwa meli zinazopakia abiria kwenye bandari za Marekani, safari ikifutwa, au kupanda meli kukicheleweshwa siku 3 au zaidi na wewe ukaamua kutoendelea, una haki ya kurudishiwa pesa. Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote, uliza maswali mawili: mkataba wangu ni na nani, na unafuata sheria ya nchi gani? Wakala akikosa jibu, hilo nalo ni jibu.

Kuhusu mawakala, sitaki kuwachafua wote. Wapo wazuri, na uanachama wa TUGATA, chama cha mawakala wa usafiri Uganda, ni mwanzo mwema wa kumpima mtu. Ila elewa njia ya pesa. Kampuni ya meli huzirudisha kwa aliyeilipa. Kama wakala alilipa kwa kadi yake au kwa akaunti ya ofisi yake, zitarudi kwake, na wewe utakuwa unamdai yeye. Wakala wetu alipokea pesa kisha akatutaka tusubiri "hesabu zifungwe". Tulichokuwa nacho ni risiti yenye jina la Mama, namba ya kubuku iliyotolewa na kampuni ya meli yenyewe, na barua pepe ya kampuni ikithibitisha kwamba imesharudisha. Ile ya mwisho niliiomba mimi moja kwa moja, bila kupitia kwake. Nilipoiweka mezani, hesabu zilifungwa mchana uleule.

Kama ulilipa kwa kadi yako, tazama pia fedha inageuzwaje. Akaunti ya shilingi inakatwa kwa bei ya benki ya kuuza dola, na pesa zikirudi zinapokelewa kwa bei ya kununua. Unaliwa mara mbili hata kama kampuni ya meli imerudisha senti zote. Akaunti ya dola inakuepusha na hilo, na benki nyingi za Kampala hukufungulia bila shida. Kampuni ikigoma kabisa kurudisha, benki iliyotoa kadi inaweza kuyapinga malipo kupitia Visa au Mastercard kwa sababu huduma haikutolewa. Njia hiyo ina ukomo wa muda, kwa hiyo usikubali kupigwa danadana hadi muda upite. Mfanyakazi wa kwanza wa benki atakwambia hajui unaongea nini. Panda ghorofa ya juu.

Bima nayo inachanganya wengi. Ile tunayoinunua kwa ajili ya viza ya Schengen, yenye kinga isiyopungua euro 30,000, ni ya matibabu na ya kurudishwa nyumbani ukiugua au ukifa. Haihusiki na meli kufutwa, ila kama umelipia kipengele hicho cha ziada. Na hata kipengele hicho, soma kinachokubaliwa kuwa sababu: ugonjwa wako huwa ndani, lakini uamuzi wa kibiashara wa kampuni ya meli mara nyingi uko nje.

Bandari moja kurukwa katikati ya safari ni habari tofauti na safari kufutwa. Tegemea kurudishiwa ada ya bandari ile, dola chache, basi.

Kuna kufutwa kwingine ambako dalili zake unaweza kuzinusa mapema. Novemba 2023 safari ya miaka mitatu ya Life at Sea, iliyopangwa kuanzia Istanbul, ilifutwa kwa sababu meli iliyokusudiwa haikupatikana. Iliuzwa kwa kampuni nyingine. Wapo abiria waliokuwa wameshaziachia nyumba zao, wakaahidiwa kurudishiwa kwa awamu. Kabla ya kupeleka amana, tafuta jina la meli kwenye mitandao inayofuatilia vyombo baharini. Uone iko wapi leo na inaendeshwa na nani. Ni kazi ya dakika chache kwenye simu.

Tiketi ya ndege ndiyo iliyotuuma zaidi. Barua za kufuta safari mara nyingi huwa na aya ndogo inayosema kampuni itachangia ada ya kubadilisha ndege hadi kiasi fulani kwa kila abiria, ukipeleka risiti kabla ya tarehe fulani. Mchango huo haukujii wenyewe, unauomba. Tulikuwa tumekata tiketi za Entebbe hadi Roma kupitia Addis Ababa za aina inayoweza kubadilishwa kwa ada, si ile ya bei ya chini kabisa, na hapo ndipo ilipotusaidia. Kampuni ya meli ililipa ada yote ya kubadilisha. Kuhusu hoteli walisema niwaulize wenye hoteli. Kuhusu viza walinijibu kwa sentensi moja kwamba nyaraka za safari ni jukumu la abiria.

Dai langu lilikuwa ukurasa mmoja: namba ya kubuku, tarehe ya barua yao ya kufuta, sababu waliyoitaja wenyewe, kiasi ninachodai kwa kila kitu na risiti yake, na mstari usemao sikubali vocha. Mstari huo uwahi. Kampuni nyingine huweka tarehe ambayo usipojibu hadi ipite, wanakuhesabu kuwa umechagua vocha au umekubali kuhamishwa. Na uandike kwa barua pepe, hata kama mhudumu wa kampuni kwenye simu amekuhakikishia kwa sauti tamu kwamba ameshakuandika.