Safari ya shule kwa Waaborijino: mpeleke mtoto, lakini mwandae

Kila karatasi za ruhusa zinapotoka shuleni, wazazi wenzangu Waswahili hapa Geelong, Australia, huniandikia. "Dada, hii safari ya kwa Waaborijino ni ya nini? Watoto watafanyiwa matambiko?" Mimi ni msaidizi wa darasa katika shule ya msingi na nimeongozana na watoto kwenye safari hizi za kwa Waaborijino, wenyeji wa asili wa Australia, miaka kadhaa sasa. Jibu langu ni lile lile: mpeleke. Ila tuangalie anapelekwa wapi, na asiende kichwa kitupu.

Nianze na mahali, kwa sababu hapo ndipo safari nyingi zinapoharibikia. Waingereza walipokuja kuweka makazi mwaka 1788, Australia ilikuwa na lugha zaidi ya 250, na kila watu walikuwa na nchi yao, sheria zao na ufundi wao. Sisi hapa tunaishi katika nchi ya watu wa Wadawurrung. Kwa hiyo programu inayoahidi bumerangi (rungu bapa la kurusha), didgeridoo na uchoraji wa nukta, vyote kwa asubuhi moja, hainiridhishi. Didgeridoo ni ala ya kaskazini, gogo la mkaratusi lililoliwa ndani na mchwa. Huku kusini haikuwa ala ya wenyeji. Ile michoro ya nukta inayouzwa madukani ilianza kuenea kutoka Papunya, jangwa la kati, miaka ya 1970. Ni kama kumpeleka mtoto Kigoma, ukamwonyesha taarabu na Wamasai wakiruka, kisha ukamwambia hao ndio Waha.

Walimu wenzangu, kabla ya kulipa ulizeni: nani ataongoza? Ni mtu wa nchi hiyo hiyo? Watoto watafanya nini kwa mikono yao? Mimi huchagua ufundi mmoja unaofundishwa na wenye nchi, saa nzima au zaidi, kuliko vitu vitano vya haraka haraka.

Safari ninayoipenda kuliko zote ni ya Budj Bim, nchi ya Wagunditjmara, magharibi mwa jimbo letu la Victoria. Kutoka kwetu ni zaidi ya saa tatu kwa basi, hivyo tunalala kambini. Hapo zamani volkano ilimwaga lava mpaka baharini, ikaacha uwanda wa mawe meusi na vinamasi. Wagunditjmara waliyapanga mawe hayo na kuchimba mifereji, wakajenga vizuizi na mabwawa ya kunasa na kufuga mikunga, samaki warefu kama nyoka, ambao wao huwaita kooyang. Sehemu ya mifumo hiyo imepimwa na kukutwa ina umri wa miaka 6,600 hivi. Mwaka 2019 UNESCO iliitangaza Budj Bim kuwa Urithi wa Dunia, mahali pa kwanza Australia kupata hadhi hiyo kwa sababu ya utamaduni wa Waaborijino peke yake.

Mtoto aliyesoma mahali kwamba Waaborijino walikuwa wakizurura tu bila makazi akisimama pale, akaona mfereji uliochimbwa kwenye mwamba na misingi ya nyumba za mawe, anaelewa bila kuhubiriwa.

Kisha kusuka. Kwenye uwazi wa kizuizi huwekwa kikapu kirefu, kipana mdomoni na chembamba mkiani, mkunga aingie kwa kufuata maji. Watoto wetu wenye mababu wa Uvira na Kigoma hukitambua mara moja: mgono! Lakini usukaji si ule wa ukili tunaoujua. Mama anayefundisha huloweka majani marefu mpaka yalainike, anakusanya machache kuwa kishungi, anakizungushia jani moja, halafu anapitisha sindano nyuma ya mshono uliotangulia na kukaza. Anakaza kwa kidole gumba, na kila mshono anaupapasa kabla ya kwenda mbele. Baada ya saa nzima watoto wengi wana kiduara kisichozidi kifuniko cha chupa. Msiwahimize wamalize. Wakati huo wa mikono kuwa na kazi ndipo mama huyo husimulia: vita vya miaka ya 1840 vilivyowaondoa watu kwenye ardhi yao, ziwa Tae Rak lililokaushwa na walowezi, mahakama kutambua haki yao ya ardhi mwaka 2007, na maji kurudishwa ziwani mwaka 2010. Nimeona watoto wakorofi kabisa wakinyamaza na kuuliza maswali ya maana.

Sasa moshi, maana ndio unaowatia wazazi hofu. Mara nyingi wageni hukaribishwa kwa moto mdogo unaowekwa majani mabichi ya miti ya hapo, moshi ukafuka, nao wakapita kandokando yake. Sitasema hakuna maana ya kiroho. Kwa wenyeji ipo. Ni makaribisho na kutakasa, na anayetoa makaribisho hayo ni mwenye nchi, si mwalimu. Kama imani yako haikuruhusu, mwandikie mwalimu mapema, mtoto atasimama pembeni kwa adabu na hakuna atakayemlazimisha. Mwenye pumu naye asimame mbali, na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni. Ninachokuomba ni usimnyime safari nzima kwa ajili ya dakika hizo chache.

Nyumbani zungumza naye jambo moja zito. Watoto wetu huuliza, "Mbona huyu si mweusi?" Mwaborijino anaweza kuwa na ngozi nyeupe na nywele za dhahabu, na kumuuliza ana damu kiasi gani kunamchoma. Kwa miongo mingi ya karne ya 20 serikali iliwachukua watoto wa Kiaborijino kutoka kwa wazazi wao, na rangi ya ngozi ilikuwa kigezo kimojawapo. Bunge liliomba radhi rasmi tarehe 13 Februari 2008. Kuna familia ambazo bado zinatafutana. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuambiwa haya, hasa wa kwetu, ambaye nyumbani kwake kuna habari za kutengana na ndugu.

Adabu nyingine anazo tayari. Wazee huitwa Aunty na Uncle hata na asiye ndugu yao. Aliyefundishwa shikamoo halimpi shida hilo. Picha tusipige mpaka tumeomba.

Mengine ni ya kawaida. Viatu vya kufunika, maana mawe ni makali na nyoka wapo. Koti la mvua hata jua likiwaka. Waislamu waulize kuhusu nyama ya kangaruu, kwa kuwa hupigwa risasi, haichinjwi. Mkunga wa kukaushwa kwa moshi ni samaki, mtoto aonje. Kama fedha ni tatizo na una Health Care Card, kadi ya serikali ya wenye kipato kidogo, ulizia pale ofisini shuleni mfuko wa CSEF, msaada wa serikali wa gharama za kambi na safari za shule. Hiyo ni haki yako, usione haya. Na ukitaka kufuatana nasi, omba mapema cheki ya kufanya kazi na watoto; kwa wanaojitolea hapa Victoria ni bure.

Mkirudi darasani, walimu, msiwape watoto brashi wachore nukta. Wapeni trei, udongo, mawe na jagi la maji, wajenge mfereji wao wajaribu kuyaelekeza maji. Na msingoje wiki ya maridhiano, 27 Mei hadi 3 Juni, wala NAIDOC, wiki ya kusherehekea utamaduni wa wenyeji wa asili mwezi Julai, kwani kila shule huwataka waongozaji siku hizo hizo. Sisi huomba nafasi ya Machi, wakati mikunga waliokomaa wanaposhuka kuelekea baharini, na barua tunaiandika kabla shule hazijafungwa Desemba.