Mashine ya kuchimba Ether haipo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu hapa Morogoro. Shemeji yangu ametuletea mpango wa kukodi mashine ya kuchimba Ether, ile sarafu ya kidijitali ya mtandao wa Ethereum, kwa shilingi laki tatu. Eti faida inaingia kila siku, na ukileta watu wapya unaongezewa. Anasema hatuwezi kudhulumiwa kwa sababu Ethereum ni programu huria, kila kitu kiko wazi. Wenzangu wanataka jibu Jumamosi. Tuweke?
Mweka hazina, Morogoro

JIBU: Marahaba, dada yangu. Msiweke hata senti.

Ether haichimbwi tangu tarehe 15 Septemba 2022. Zamani ilichimbwa kweli: watu walipanga kompyuta zenye kadi za michoro, zikala umeme usiku na mchana zikishindana kukokotoa, na mshindi akalipwa kwa Ether mpya. Siku hiyo mtandao mzima ulihama. Sasa kazi inafanywa na wathibitishaji, ambao kila mmoja ameweka dhamana isiyopungua Ether 32. Kila sekunde 12 mmoja huteuliwa kwa bahati nasibu kupanga miamala, na akifanya udanganyifu dhamana yake inakatwa. Umeme uliokuwa ukitumika ulipungua kwa zaidi ya asilimia 99. Kwa hiyo anayekukodisha mashine ya kuchimba Ether leo anakuuzia kitu kisichokuwepo.

Kuhusu uwazi, shemeji amesema nusu ya kweli. Ethereum ni huria, na hilo ndilo linalonifanya niipende. Ninayo nodi hapa nyumbani, yaani kompyuta iliyoungwa kwenye mtandao huo ikitunza kumbukumbu zake; ni kompyuta ya kawaida yenye diski ya terabaiti 2, inayoendesha programu iitwayo Geth. Sikulipia programu hiyo wala kuomba ruhusa ya mtu, na inanikagulia kila muamala. Lakini aplikesheni ya kundi lake si Ethereum. Ile ni skrini tu inayoonyesha namba walizoziandika wenyewe. Mwombe anwani ya pochi yao, yaani namba ya akaunti yao ya Ether, kwenye blokicheni, lile daftari la wazi linaloandika kila muamala, maana yeyote anaweza kuitazama hela ikiingia na kutoka. Sitarajii wakupe.

Tena, uwazi peke yake haulindi fedha. Juni 2016 mfuko ulioitwa The DAO, uliojengwa juu ya Ethereum hiyohiyo na msimbo wake ukisomwa na yeyote, ulikuwa na kasoro. Mtu akaitumia kuchota Ether takriban milioni 3.6. Mwezi uliofuata wengi walikubali kubadili kumbukumbu za mtandao ili wenye fedha warudishiwe. Waliokataa wakabaki na blokicheni ya zamani, ambayo hadi leo inaitwa Ethereum Classic. Hakuna atakayefanya hivyo kwa ajili ya kikoba cha Morogoro. Hela hiyo ni ada za watoto na mitaji ya genge, na wewe ndiye uliyekabidhiwa.

Kama shemeji ameshaweka yake, ajaribu kuitoa leo. Wakimwambia alipe kwanza kodi au ada ili afunguliwe, asilipe. Ahifadhi jumbe, namba za simu na risiti za miamala, azipeleke polisi na kwa mtandao wa simu uliopitisha malipo. Na yale maneno 12 au 24 ya siri ya pochi, kama anayo, asimtajie mtu, hata anayejiita huduma kwa wateja.