Nikifumba Macho Nasikia Hatua Zake

SWALI: Shikamoo, Mshauri. Nina umri wa miaka 34, ni mama wa watoto wawili, na ninapokea malipo katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro. Nililelewa na baba mdogo ambaye alikuwa akirudi usiku akiwa amelewa na kutuamsha kwa mkanda, na hadi leo nazikumbuka hatua zake juu ya kokoto za uani. Siku hizi hakuna anayenipiga, lakini bosi akiniita kwa sauti ya juu, mikono inakuwa baridi na ninakosea kuhesabu chenji. Wiki iliyopita mwanangu alimwaga uji, nikamfokea mpaka akajificha nyuma ya mlango. Rafiki alinishauri nifumbe macho kwa dakika kumi kila siku nikifuatilia pumzi, lakini nilipojaribu, hatua zile zilirudi na nikatoka chumbani nikitetemeka. Je, nina kasoro?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huna kasoro. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mwili wako unafanya hivyo hasa: ulijifunza ukiwa mdogo kwamba sauti ya juu hutangulia kipigo, kwa hiyo bosi anapoita, moyo huenda mbio na damu hukimbilia kwenye misuli mikubwa kabla akili haijapata nafasi ya kukukumbusha kwamba uko dukani na ni mchana. Wala hauko peke yako. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya wasichana na wavulana walikuwa wamepata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Huko Marekani, madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walichapisha mwaka 1998 matokeo yaliyoonyesha kwamba kadiri mtu alivyopitia aina nyingi za madhila utotoni, ndivyo alivyokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata sonona, ulevi na hata maradhi ya moyo ukubwani. Wanaosema kwamba sote tulichapwa na tumekua salama wangesoma barua yako kwanza.

Rafiki yako alikutakia mema. Zoezi alilokushauri ni aina ya uzingativu, yaani kuelekeza fikra kwenye kilichopo sasa bila kujihukumu, ambao mtaalamu wa Marekani, Jon Kabat-Zinn, aliuingiza hospitalini katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979 kama mafunzo yasiyodai imani yoyote, hivyo Mwislamu na Mkristo wanaweza kuyafanya bila wasiwasi. Lakini kwa mtu aliyeumizwa utotoni, kufumba macho katika chumba kimya kwa dakika kumi kunaweza kuwa sawa na kumrudisha kwenye giza lilelile alilokuwa akilalia akisubiri mlango ufunguliwe. Wewe anza na macho wazi, kwa muda usiozidi dakika mbili, na uanzie nje ya mwili badala ya ndani.

Ukiwa dukani, kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili na usikie visigino vinavyobeba uzito wako. Gusa ukingo wa kaunta, uhisi ubaridi wake. Kisha tazama vitu vitatu na uvitaje kimoyomoyo: ndoo ya misumari, feni, kalenda ya ukutani. Vitu hivyo havikuwepo katika nyumba ya baba yako mdogo, na macho yako yanapovitambua, mwili nao huanza kusadiki kwamba mahali hapa ni pengine. Hapo ndipo uje kwenye pumzi: vuta kwa pua kwa kiasi cha kawaida, kisha itoe polepole kwa mdomo kama unayepoza uji wa mtoto kwenye kijiko, mara tatu au nne tu. Pumzi inayotoka kwa muda mrefu kuliko ile inayoingia huupunguza mwendo wa moyo, na hili halihitaji ulisadiki ili lifanye kazi.

Usisubiri bosi akuite ndipo ujaribu. Jizoeze asubuhi wakati unasubiri mkaa ukolee, siku ambayo huna hofu yoyote, ili mwili uijue njia kabla ya kuihitaji. Hatua zile zikirudi, acha zoezi mara moja, simama, nawa mikono kwa maji baridi, tembea hadi mlangoni. Kuacha si kushindwa. Tena, zoezi hili halikudai umsamehe baba yako mdogo, wala halitaifuta kumbukumbu yake. Linakupa tu sekunde chache kati ya uji kumwagika na sauti yako kupanda. Kwa mwanao aliyejificha nyuma ya mlango, mwombe radhi kwa maneno mepesi: mama alikosea kufoka, uji tutaufuta pamoja.

Hata hivyo, ikiwa usiku huo unakujia ndotoni mara kwa mara, au unakunywa pombe ili upate usingizi, au umewahi kuwaza kwamba ni heri ufe, usibaki na zoezi hili peke yake. Nenda leo au kesho kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, uulizie huduma ya afya ya akili, na umweleze mhudumu kama ulivyonieleza mimi: kwamba ukifumba macho, unasikia kokoto.