Kiboksi cha pembe sita kilivyonilipia

Wiki iliyopita nilipeleka viboksi vya zawadi kwenye harusi moja Jang'ombe. Vya pembe sita, karatasi ya maua ya dhahabu, ndani karafuu, hiliki na kijichupa cha marashi. Pilau haijapakuliwa, vimeshakwisha. Kina mama wengine walitia viwili viwili ndani ya mabuibui. Niliwaona, nikanyamaza, roho inaburudika.

Nayasema haya makusudi. Yuko mtu, tumeoleana naye, aliyewahi kunyanyua kiboksi changu mbele za watu akauliza: "Hii kazi ya watoto wa skuli?" Ukumbi mzima ukacheka, na mie nikacheka, nikaenda kulia msalani. Juzi yeye ndiye aliyenitumia ujumbe, anataka vya akika ya mjukuu wake. Nimemjibu kwa heshima zote. Bei nimempa ya mgeni.

Haya, mashoga zangu mnaouliza vinavyotengenezwa. Chukua karatasi ngumu ya mapambo, saizi ya A4. Kwa kitako chora duara kwa bikari, nusu kipenyo sentimita 4.5, kisha usiibane wala usiipanue bikari: tembeza juu ya duara mpaka upate alama sita, uziunge kwa rula. Ukutani unataka ukanda wa sentimita 27, uugawe mara sita, na ulimi wa sentimita moja wa kutilia gundi. Ukitamani kitako cha sentimita 5, ukanda unafika 30 na A4 ina 29.7 tu, ndipo watu wanapoanza kuunga viraka. Kwa kitako cha 4.5, kifuniko kiwe cha sentimita 4.7. Kikilingana na kitako hakivaliki.

Mikunjo ipitishie kwanza kalamu iliyokwisha wino, uibonyeze kwa rula. Ukikunja kwa kidole tu karatasi inapasuka rangi, weupe unatokeza, na hapo hata mie nitasema kazi ya skuli. Gundi ya maji itie kidogo, hasa masika, Machi mpaka Mei, karatasi imeshanyonya unyevu wa kutosha. Halua usiitie humo bila kuifunga vizuri, samli inapenya.

Na nyinyi mabinti, wengi mnataka jina la biashara na picha nzuri kabla hamjajua kushika mkasi. Mnakaa mnasubiri mtu awasifu. Watu wa kwenu ndio wa mwisho kusifu, na wakikucheka hawakurudishii hata bei ya gundi. Kateni, bandikeni, kateni tena. Kisha kateni tena.

Piramidi nitaieleza siku nyingine, ni mraba na pembetatu nne, haina shida. Wanaotaka vipimo vya boksi la umbo la jahazi, hivyo sitoi. Jahazi linauzwa.