Kidole gumba kinauma nikipiga gitaa

Umesema ukipiga gitaa kwa robo saa tu kidole gumba cha kushoto kinawaka na bega limepanda hadi karibu na sikio. Mara nyingi hapo unabana kupita kiasi. Jaribu hivi: gusa uzi bila kuukandamiza, upige, utatoa mlio mfu. Endelea kupiga huku ukiongeza nguvu kidogo kidogo mpaka sauti itoke safi, kisha ishia hapo hapo. Nguvu inayotakiwa ni hiyo tu, na nadhani utashangaa ilivyo ndogo. Kidole kinachokandamiza uzi kikae nyuma ya freti (kile chuma chembamba kinachokatiza shingo ya gitaa), karibu nayo kabisa. Kikiwa mbali utalazimika kubana zaidi. Halafu piga kitu rahisi bila gumba kugusa shingo ya gitaa, uzito wa mkono ndio uvute nyuzi. (Sauti itakwaruza, usijali.)

Bega nalo hupanda unapozuia pumzi kwenye sehemu ngumu. Toa pumzi ukiifikia, na punguza kasi.

Ile "vumilia, utazoea" mimi siikubali. Ncha za vidole kuuma mwanzoni ni kawaida, ila ganzi, au maumivu yanayobaki hata ukishaweka gitaa chini, muone daktari. Na kama nyuzi zimeinuka sana, fundi azishushe.