Mkuu, usimruhusu fundi achimbe karo la choo "mpaka akute maji"

Weka simu chini, nenda kamzuie fundi, halafu rudi usome. Unauliza maji taka ya mji yanaendeshwaje na nani analipia, kisha unapachika kimyakimya kwamba kesho fundi anachimba karo futi 15 nyuma ya nyumba yako Shangani, Mtwara, bila sakafu, mpaka akute maji "ili lisijae".

Hiyo "halijai" nimeilipia. Na kweli halikujaa, lilizaliwa limejaa. Karo lisilo na sakafu likigusa maji ya ardhini, maji yanaingia badala ya kutoka. Gari la maji taka linanyonya, unalipa tripu, na mvua za Machi zikikolea, baada ya siku chache liko mdomoni tena. Unamlipa dereva akunyonyee Bahari ya Hindi! Na uchafu wako unatembea kwenda kisima cha jirani. Mafundi wa aina hii wana jibu la kila kitu isipokuwa la nani atalipa tripu.

Sakafu ya zege, mkuu. Sakafu! Watu sita: ndani urefu mita 2, upana mita 1, kina cha maji mita 1.5, hizo ni lita 3,000. Gawa vyumba viwili, cha kwanza kichukue theluthi mbili, plasta ichanganywe na dawa ya kuzuia maji. Bomba la kutokea liwe chini ya la kuingilia kwa sm 5, na lifungwe kiungo cha T kinachozama chini ya utando wa uchafu unaoelea. Ukiiruka T hiyo, mafuta na kinyesi vinakwenda kuziba shimo la kufyonza, lile linalopokea maji kutoka karoni na kuyaachia ardhini. Kitako cha shimo hilo kibaki angalau mita 1.2 juu ya maji (pima Machi, Oktoba itakudanganya), na liwe mita 30 kutoka kisimani. Maji yakiwa karibu, acha shimo, weka mitaro ya kokoto isiyo na kina.

Halafu karo lijenge mbele, karibu na geti, gari lisilazimike kuunga mipira mingi. Kila kiungo cha mpira kinaweza kuvuta hewa, gari linapoteza nguvu ya kunyonya. Maji ya mvua ya paa yasiingie humo kabisa.

Malipo? Mtaa wenye bomba la maji taka, malipo hukadiriwa kwa maji uliyotumia, bili ya mamlaka ya maji, bei huidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Usio na bomba, mamlaka ni wewe: ujenzi wako, tripu zako. Mengine uliyouliza yamenitoka, nitarudi.

Fundi amefika futi ngapi?