Maswali na majibu: Ongeeni na mtoto kwa lugha mnayoijua

Ujumbe mwingi wa mwezi huu unahusu watoto wanaokua na lugha mbili. Nimeunganisha yanayofanana na kufupisha marefu.

Mwalimu, mimi naongea Kiswahili, baba yake anataka kuongea naye Kiingereza. Mtoto ana mwaka na nusu. Hatachanganyikiwa? (Mama, Tabata)

Hatachanganyikiwa. Swali hili nimelijibu mara tatu mwezi huu, naomba msome majibu ya wenzenu kabla ya kuuliza. Baba akiwa anakijua Kiingereza barabara, aongee. Kama ni cha kuungaunga, jibu linalofuata ni lake.

Binti yetu ana miaka 4, anasoma ingilishi midiamu. Tuliamua nyumbani iwe Kiingereza tu, asije akahangaika mbele ya safari. Sasa mama yangu amekuja kutoka Handeni. Mtoto hamwamkii, na akiulizwa kitu anatukimbilia tumtafsirie. Mama amenuna. Tufanyeje? (Baba, Kimara)

Mama yako hajanuna, baba. Ameumia. Amepanda basi kuja kumwona mjukuu, na kafika kwenye nyumba ya mwanawe wa kumzaa anahitaji mkalimani.

Hofu yenu naielewa. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, halafu Kidato cha Kwanza mtoto anakutana na fizikia na jiografia kwa Kiingereza. Wengi wetu tulipita humo tukikariri tusichokielewa. Hamtaki mwanenu ayapate hayo, na mna haki. Mlichokosea ni dawa.

Jisikilizeni jioni moja tu. Wazazi wengi ninaowasikia hapa Dar wakiongea Kiingereza na watoto wao wana maneno kama ishirini: kaa, kula, njoo, acha, usiguse, vaa viatu. Amri tupu. Mtoto wa miaka 4 anataka kujua kwa nini mwezi unawafuata mkiwa kwenye bajaji, babu alikufaje, na paka wa jirani anakwenda wapi usiku. Hayo mnaweza kumweleza kwa lugha gani, mkatulia, mkatania, mkamwongezea na kisa? Mkimnyima lugha hiyo mnamnyima mazungumzo yenyewe. Na mtoto aliyezoea kueleza jambo likaeleweka kwa lugha moja haanzi upya kwenye ya pili. Anahama na uwezo wake.

Kuanzia leo shule ibaki na Kiingereza, nyumbani iwe Kiswahili. Msimtangazie kama sheria, badilikeni nyinyi. Atawajibu kwa Kiingereza kwa wiki kadhaa, nanyi endeleeni kwa Kiswahili bila kumgombeza. Bibi naye msimweke sebuleni kama mgeni. Mkabidhini mtoto jikoni, wachambue mchicha, wakune nazi. "Nipe ungo. Siyo huo, hilo ni chujio." Ndani ya wiki moja atajua ungo, mwiko, kawa na mbuzi ya nazi, na mikono yake itakuwa imevishika vyote. Usiku mzime taa, bibi aseme "Kitendawili!" na mtoto afundishwe kujibu "Tega!" Nyumba yangu haina mlango. Akishindwa, bibi adai apewe mji, kisha amwambie ni yai.

Kuhusu shikamoo, acheni kumshika mtoto kichwa mbele za watu na kumwambia "salimia, salimia". Wewe mwenyewe mwamkie mama yako kila asubuhi, mtoto akiwa anaona.

Mwanangu wa kiume ana miaka 2 na miezi 3, anasema "mama" na "maji" tu. Jirani mmoja anasema ni kwa kuwa tunamchanganyia Kiswahili na Kimakonde, mwingine anasema ana udata, utando wa chini ya ulimi, akakatwe. Tusubiri? (Mama, Mbagala)

Usisubiri, mama, na usimpeleke kukatwa.

Lugha mbili hazicheleweshi kusema. Mtoto mwenye lugha mbili huanza kusema katika umri uleule wa wenzake, ila ukimhesabia maneno hesabu ya lugha zote kwa pamoja. Akifikisha miaka 2 tunategemea awe na maneno kama 50, na aanze kuunganisha mawili: "baba njoo", "maji ngine". Maneno mawili kwa umri wa mwanao ni machache mno, ayatoe kwa Kiswahili au Kimakonde.

Anza na masikio. Mtoto anaweza kugeuka mlango ukibamizwa na bado asisikie vizuri sauti za maneno. Mwite jina lake akiwa amekupa mgongo, kwa sauti ya kawaida, uone. Angalia pia kama anakunyooshea kidole kukuonyesha kitu, na kama anaigiza unachofanya. Nenda na majibu hayo kliniki, uombe rufaa kwa wataalamu wa masikio, pua na koo. Muhimbili wapo, na tangu 2017 wanapandikiza vifaa vya usikivu hapahapa nchini kwa watoto wanaovihitaji. Usikubali kurudishwa kwa neno "atasema tu".

Sasa huo udata. Utando wa chini ya ulimi ukikaza sana unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, au baadaye kutamka sauti fulani. Haumzuii kuwa na maneno. Kwenye darasa langu la chekechea nilipokea mtoto aliyekatwa mara mbili kwa wembe, na mara ya pili alivuja damu usiku kucha. Kumbe masikio yake yalikuwa yakitoka usaha tangu akiwa mchanga. Miaka miwili ikapotea watu wakihangaika na ulimi. Na kimeo vilevile, msikate.

Hukuniuliza kuhusu simu, lakini nakuambia. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: chini ya miaka 2 mtoto asikalishwe mbele ya skrini, na kuanzia 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Katuni haimsubiri mtoto amalize neno. Wewe unamsubiri.

Kimakonde kiendelee.

Dada wa kazi ametoka Shinyanga, Kiswahili chake kina lafudhi ya Kisukuma. Nimemwambia asiongee sana na mtoto. Nimekosea? (Mama, Sinza)

Umekosea sana. Mtu anashinda na mwanao mchana kutwa, wewe umemwamuru anyamaze! Mtoto atachukua lafudhi ya wenzake anaocheza nao, hiyo isikusumbue. Ukimya ndio unaomdhuru. Mwite dada leo, muombe radhi, mwambie aongee, aimbe, amfundishe kuhesabu kwa Kisukuma akipenda. Na umpunguzie kazi. Anayefua, kupika na kudeki tangu alfajiri hana pumzi ya kumsimulia mtoto chochote.

Mwanangu wa miaka 3 anasema "Mama, my kandambili imekatika." Nimchape? (Mama, Kigamboni)

Hapana! Mjibu hivi: "Kandambili yako imekatika? Ya kulia au ya kushoto?" Umemrudishia sentensi ikiwa nzima, na mazungumzo yanaendelea. Halafu isikilize tena sentensi yake. "Imekatika" kaipata sawasawa, ngeli iko mahali pake. Kuchanganya kwa umri huo ni kawaida. Kinachonitisha mimi ni mtoto wa darasa la tatu, mzaliwa wa Dar, anayesema "kitabu yangu" na "viatu yangu". Huyo hajasikia Kiswahili cha kutosha kutoka kwa watu wazima.

Mimi Mhaya, mume Mchaga. Tumfundishe lugha ipi? (Mama, Mbezi)

Zote mbili, kila mmoja yake. Kiswahili kitamfikia dukani, kwenye daladala na kwenye kombolela. Kihaya na Kichaga havina mlango mwingine wa kuingilia isipokuwa nyinyi. Baba asiogope kwamba Kichaga ni vingi na Kimachame si Kirombo, aongee cha kwao. Wala msingoje safari ya Desemba. Mpigieni bibi wa Bukoba kila Jumapili, mpe mtoto simu, kisha utoke chumbani.

Tutajie shule nzuri ya ingilishi midiamu. (Wengi)

Sitaji shule, na nimeshasema hivyo. Nendeni mkaombe kukaa darasani nusu saa. Sikiliza kama watoto wanauliza maswali, au wanaitikia kwa pamoja tu. Kisha muulize mwalimu mkuu: mtoto akiongea Kiswahili uwanjani anafanywa nini?

Katika shule moja ya hapa jijini nilimkuta mtoto wa darasa la pili amevishwa kibao cha mbao shingoni. Alikuwa amekamatwa akiongea Kiswahili, na alitakiwa akivae mpaka amkamate mwenzake wa kumvisha. Sketi yake ilikuwa imelowa. Alibanwa na haja, hakujua kuomba ruhusa kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili aliogopa. Mkipewa jibu la namna hiyo, ondokeni na ada yenu.

Mwanangu ana miaka 9, Kiswahili chake ni cha kubahatisha. Nimeshachelewa? (Baba, Ukonga)

Hujachelewa. Leo jioni zima televisheni, chukueni ungo mchambue mchele wa kesho, umsimulie siku aliyozaliwa.